MAGARI: Pima kwanza kabla ya kuinunulia Land Rover yako shokamzoba mpya

WAPENZI wengi wa Land Rover za zamani, hasa zile za Series III zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, huziinua kwa kuzitia springi ndefu ili zisikwaruze mawe na matuta ya barabara mbovu.

Baada ya kazi hiyo, swali linalofuata ni shokamzoba zipi zitafaa. Wengi huagiza zilizozidi zile za awali kwa urefu sawa na kimo ambacho gari limeongezwa. Gari likiinuliwa milimita 50, wao hununua shokamzoba iliyozidi milimita 50.

Hesabu hiyo ina kasoro. Springi mpya huinua chesisi, lakini hazibadilishi mahali ambapo ekseli hukomea inapopanda. Kikomo hicho ni raba iliyofungwa chini ya chesisi, nayo haijasogezwa.

Kwa hivyo, urefu wa shokamzoba ikiwa imejifunga kabisa haufai kuongezeka hata kidogo. Kinachofaa kuongezeka ni urefu wake ikiwa imenyooka.

Shokamzoba ikiwa ndefu kupita kiasi, itafika mwisho kabla ya ekseli kugusa raba. Uzito wote wa gari utaishukia na kupinda fimbo yake au kung'oa kishikizo kwenye chesisi. Ikiwa fupi, itavutwa kila gurudumu linapotumbukia shimoni, hadi vishikizo vikatike. Mkasa kama huo ukitokea gari likiwa kasini, dereva anaweza kushindwa kulidhibiti.

Jinsi ya kupima

Egesha gari mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida, na uzuie magurudumu yasibiringike. Pima umbali kutoka kitovu cha kishikizo cha juu hadi cha chini. Kisha pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba.

Baadaye, inua chesisi kwa jeki na uiegemeze kwenye vigingi imara vya chuma. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Fungua shokamzoba za zamani, uache ekseli ining'inie, kisha upime tena umbali baina ya vishikizo.

Tuseme kipimo cha kwanza ni milimita 450, nafasi ya raba ni 100, na ekseli ikining'inia ni 520. Ukitoa 100 kutoka 450 unapata 350, yaani umbali uliopo ekseli inapogusa raba.

Kwa kuwa raba nayo hubonyea, punguza milimita 20 zaidi. Shokamzoba inayohitajika hapa basi isizidi milimita 330 ikiwa imejifunga, na isipungue 530 ikiwa imenyooka.

Hesabu hii inafaa pale shokamzoba inaposimama karibu wima. Ikiwa imelazwa, husogea kidogo kuliko ekseli. Iliyoinama nyuzi 45 kutoka wima husogea takriban asilimia 71 ya mwendo wa ekseli, na uwezo wake wa kutuliza mdundo hupungua hadi karibu nusu.

Pima magurudumu ya mbele na ya nyuma kando kando, kwani vipimo vyake huenda visilingane.

Iwapo hakuna shokamzoba inayotimiza masharti yote mawili, usilazimishe. Fundi anaweza kuishusha raba chini kidogo, kusogeza kishikizo, au kufunga mkanda unaozuia ekseli kuning'inia kupita kiasi.

Ugumu wake

Urefu pekee hautoshi. Springi ngumu zaidi huhitaji shokamzoba yenye nguvu zaidi, hasa ya kuzuia springi isirudi kwa kishindo baada ya kubonyezwa. Hata hivyo, ongezeko hilo si kubwa. Springi zikiwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi, shokamzoba huhitaji ongezeko la takriban asilimia 10 tu.

Shokamzoba ngumu kupindukia hulifanya gari lirukeruke kwenye barabara ya makorongo, na tairi zikiachana na ardhi, breki na usukani hukosa nguvu.

Aidha, kagua mipira ya breki ekseli ikiwa inaning'inia na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kila upande. Ikiwa imekazika, weka mirefu kabla ya gari kutoka gereji.

Hatimaye, paka grisi kidogo kwenye fimbo ya shokamzoba ikiwa wazi, kisha uendeshe gari polepole kwenye barabara mbaya. Alama kwenye grisi hiyo itakuonyesha imejifunga kwa kiasi gani. Ikiwa imefika mwisho, rudi ukapime upya.