Ndugu wa Sultan Hamud

Aghalabu msamiati wenye asili ya Kiarabu hufundishwa shuleni kama orodha ya kukaririwa. Mwanafunzi wa Kitui au Makueni huimeza usiku wa kuamkia mtihani, akaitapika asubuhi, basi, yameisha. Nami nilikuwa mwalimu wa aina hiyo kwa miaka.

Siku moja darasani niliandika ubaoni jina la mji ambao wanafunzi wangu waliupita kila waliposafiri barabara ya Mombasa: Sultan Hamud. Kituo hicho kiliitwa hivyo reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, kwa heshima ya Hamud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar toka 1896 hadi 1902. Sasa, maneno mengi ya Kiarabu husimama juu ya konsonanti tatu zinazobeba maana. Hapa ni h, m, d: kusifu. Nikawaambia, tafuteni ndugu zake. Ndugu wa kweli ni alama moja. Ukileta wa kubandika, unapoteza mbili.

Kelele zilizozuka! Wakaleta Muhamadi, Ahmedi, Mahmudi, hata kuhimidi. Kundi moja likamleta Hamisi, likaumia. Hamisi ni wa ukoo wa tano, pamoja na hamsini na Alhamisi. Msichana akauliza: mbona Jumatano nayo ni ya tano? Naam, juma la Mswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana. Moja huhesabiwa Kibantu kuanzia Jumamosi, nyingine Kiarabu kuanzia Jumapili.

Zamu ya s, f, r ilizaa safari, msafiri na msafara, na hapo historia ikaingia yenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara wa misafara hiyo. Wakamba walikuwa na neno lao, kyalo, ambalo hadi leo ni jina la watu. Lakini huko pwani waliuza na kununua miongoni mwa watu waliosema safari, bidhaa, thamani, faida. Kwa hiyo si haki kumwambia mjukuu wa wasafiri hao kwamba maneno haya ni ya wenyewe wa pwani.

Hesabu ndiyo iliyoniuma. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kijana mmoja akasema kwao tisa ni kenda, wenzake wakamcheka. Nikakumbuka nilivyochapwa utotoni na mwalimu fulani kwa neno hilohilo, ati naleta Kikamba ndani ya Kiswahili. Kumbe kenda ni Kiswahili pia, tena cha kale, na kamusi bado zinalo. Tisa ndilo lililokuja likalisukuma pembeni.

Yule kijana nilimpa alama tatu.