Bahasha ya Juba na njia ya kusini

Malakia ni mojawapo ya mitaa mikongwe ya Juba, jirani na soko la Konyo Konyo. Mtu wa hapa akiwa na karatasi inayotakiwa Kampala kabla ya Ijumaa, iwe cheti cha shule, hati ya kiwanja au barua ya daktari, hapotezi muda kuwaza habari za posta. Anaifunga kwenye bahasha, anaandika juu yake jina na namba ya simu ya mpokeaji, kisha anatafuta kondakta wa basi au abiria anayeonekana mtu wa kuaminika. Basi linashika barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami hadi mpakani, linavuka Elegu na kuitafuta Gulu. Likishaingia Kampala, simu inaita: njoo uchukue mzigo wako.

Wageni hudhani mtindo huu ulizaliwa na vita. Una umri mkubwa kuliko vita. Ukitazama ramani utasema karatasi ya Juba ina njia moja tu, ya kufuata maji ya Nile kwenda Khartoum, na vitabu vingi vya historia vimeandikwa hivyo. Lakini ukifuatilia barua zenyewe, hasa zile zilizokuwa na haraka, utakuta kwamba mara kwa mara zimelazimika kugeuka na kuelekea kusini.

Tuanze ng'ambo ya mto, Gondokoro, jirani kabisa na ilipo Juba ya leo. Februari 1863 John Hanning Speke na James Grant walifika hapo kwa miguu wakitokea Zanzibar kupitia Buganda, safari ya zaidi ya miaka miwili. Balozi mdogo wa Uingereza huko Khartoum, John Petherick, alikuwa amechangiwa fedha ili awasubiri na mashua. Hakuwapo. Aliyewapokea ni Samuel Baker, na Petherick alipotokea siku chache baadaye hakusamehewa; ugomvi huo ulimharibia jina moja kwa moja. Habari ya Speke kuhusu chanzo cha Nile iliteremka na mto, ikapata waya wa telegramu Misri, ikatangazwa London mwezi Mei. Miezi mitatu hivi, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa kasi. Kaskazini palipita.

Miaka ishirini na miwili baadaye hapakupita tena. Januari 1885 jeshi la Mahdi liliteka Khartoum, na gavana wa jimbo la Ekwatoria, Emin Pasha, akajikuta amefungiwa nje ya dunia. Makao yake yalikuwa Lado, chini kidogo ya Juba kwa kufuata mto. Mwaka huohuo alirudi nyuma hadi Wadelai, ambako leo ni kaskazini mwa Uganda. Serikali ya Misri ilikuwa na neno moja la kumwambia, nalo zito: hatuna uwezo wa kukusaidia, Sudan tumeiacha, uko huru kujiokoa utakavyoona, na njia iliyobaki ni ya Zanzibar. Nubar Pasha, waziri mkuu, alitia saini barua hiyo Cairo mwezi Mei 1885.

Sasa ifikishwe vipi? Mto ulikuwa mikononi mwa adui. Basi barua ilipelekwa baharini hadi Unguja, kwa balozi John Kirk, na kutoka hapo ikaingia katika mikono ya watu wa misafara. Pwani hadi Unyanyembe, Unyanyembe hadi ziwani, ziwani hadi Buganda. Na Buganda ya mwaka ule haikuwa mahali pa kupita na barua za Wazungu kifuani: Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mmisionari Alexander Mackay aliyekuwa Natete alipokea barua za watu na kuzituma mbele kwa hofu. Kutoka Buganda njia iliingia Bunyoro ya Kabalega, ambaye naye alikuwa na vita vyake na majirani. Mfanyabiashara mmoja wa asili ya Tripoli, Mohammed Biri, alijulikana kwa kwenda na kurudi kati ya pande hizi akiwa na nguo za biashara na barua pamoja. Februari 1886 barua ya Nubar ilimfikia Emin. Miezi tisa.

Miezi tisa ni mingi, mpaka uilinganishe na kilichofuata. Barua za Emin zilipofika Ulaya mwishoni mwa 1886, magazeti yaliwaka, fedha zikachangwa, Henry Morton Stanley akapewa kazi ya kumwokoa. Mkononi alikabidhiwa barua rasmi ya mtawala wa Misri, Khedive Tewfik, ya Februari 1887. Stanley alipita Zanzibar, akapatana na mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, akachukua mamia ya wapagazi wa pwani, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Kongo, akakata msitu wa Ituri kwa njaa na vifo. Alikutana na Emin kwenye Ziwa Albert mwishoni mwa Aprili 1888. Karibu miezi kumi na mitano! Wachukuzi wa kawaida wa misafara, ambao hakuna gazeti lililowataja, walikuwa wameifikisha barua ya kwanza kwa zaidi kidogo ya nusu ya muda huo, bila bunduki za kisasa na bila hotuba za kuagwa. Ikiwa kuna mtu aliyestahili kuandikiwa kitabu, kwa maoni yangu ni hao. (Emin mwenyewe aliletwa hadi Bagamoyo Desemba 1889, na usiku wa karamu ya kumpokea akaanguka kutoka ghorofani akavunjika. Askari wake wengi walikuwa wamebaki nyuma. Wajukuu zao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera, ambao Kiarabu chao mtu wa Malakia hukielewa bila mkalimani.)

Waingereza walipoishika Sudan kuanzia 1898, waliifungua tena njia ya kaskazini. Walikata magugu ya Sudd yaliyoziba mto, wakaweka meli za mvuke za posta, na baadaye treni ikawa inaleta mizigo hadi Kosti. Juba, iliyochukua nafasi ya Mongalla kama makao ya jimbo mwishoni mwa miaka ya 1920, iliishi kwa ratiba ya meli. Aliyekosa meli ya leo alingoja ijayo, basi.

Kisha ikaja ndege. Februari 28, 1931 Imperial Airways ilianza kubeba barua kutoka Croydon, karibu na London, hadi Mwanza, safari ya siku kumi hivi kupitia Cairo, Khartoum na Kisumu, na Juba ikawa kituo katika njia hiyo. Kwa mara ya kwanza karani wa Juba aliweza kutuma bahasha asubuhi moja akajua itakwenda upande wowote autakao, Khartoum au Kisumu, bila kumuuliza mfalme wala mvua. Hali hiyo ilidumu miaka michache tu, kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Waya wa telegramu nao ulikuwapo, na mwaka 1955 ulionyesha kwamba wepesi wa kufika si sawa na kuaminika. Julai mwaka ule ilizagaa kusini telegramu iliyodaiwa kutoka kwa Waziri Mkuu Ismail al-Azhari, ikiwaagiza watawala wawakandamize watu wa kusini. Ilikuwa ya kughushi. Lakini ilisambaa na ikasadikiwa. Agosti 18 askari wa Torit, mji ulio mashariki ya Juba, waliamriwa kwenda Khartoum, wakaasi. Zilizofuata ni siku za telegramu juu ya telegramu: waasi wakiomba waletewe askari wa Kiingereza kutoka Afrika Mashariki ili wajisalimishe kwao, Gavana Mkuu Knox Helm akiwajibu waweke silaha chini mbele ya jeshi la Sudan. Huku ujumbe ukipita hewani, ndege za kijeshi za Uingereza zilikuwa zinamwaga askari wa kaskazini mjini Juba. Mwisho wa mwezi ulipofika, wengi wa waasi hawakungoja jibu jingine. Walivuka mpaka wakaingia Uganda.

Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan, kuanzia 1983, viliifanya Juba kisiwa. Mji ulibaki mikononi mwa serikali, jeshi la waasi la SPLA likauzunguka, barabara zikafa. Kilichotoka kilitoka kwa ndege, na ndege zilikwenda Khartoum. Ndugu wawili, mmoja Malakia na mwingine katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, walitegemea fomu ya Msalaba Mwekundu: karatasi isiyofungwa, ya habari za familia tu, iliyoweza kusomwa na kila mkono iliyopitia. Nani kafa, nani kazaliwa, mama anasalimia. Haikuwa na nafasi ya jambo la haraka.

Amani ilitiwa saini Nairobi Januari 9, 2005, na ndani yake mlikuwa na tarehe isiyosogezwa: baada ya miaka sita, kura ya maoni ya watu wa kusini, kubaki au kujitenga. Sheria yake ilipitishwa Khartoum mwishoni mwa Desemba 2009, ikidai daftari la mwisho la wapiga kura liwe tayari miezi mitatu kabla ya kura. Muda huo haukupatikana. Kujiandikisha kwenyewe kulianza Novemba 15, 2010. Karatasi za kura zilichapwa Uingereza, zikatua Juba wiki ya Krismasi, na kutoka hapo helikopta za Umoja wa Mataifa zikazigawa katika kaunti ambazo magari hayafiki. Alama zake mtu asiyesoma alizielewa: mikono miwili iliyoshikana kwa umoja, kiganja kimoja kwa kujitenga. Januari 9, 2011 vituo vilifunguliwa kwa wakati.

Kazi ngumu ilikuwa kurudisha. Kila kituo kilihesabu, kikajaza fomu, na fomu zikaanza safari: kaunti, jimbo, hatimaye kituo cha takwimu cha Juba, huku za kaskazini na za walio ng'ambo, wakiwemo waliopigia kura Kenya na Uganda, zikipelekwa Khartoum. Februari 7 matokeo ya mwisho yalisomwa Khartoum: asilimia 98.83 walitaka kujitenga, kura 3,792,518. Binafsi huona ajabu kwamba karatasi zilizoikata nchi vipande viwili zilisafiri kwa wakati kuliko barua nyingi zilizowahi kutumwa humo nchi ikiwa moja.

Julai 14, 2011 Umoja wa Mataifa ulimpokea mwanachama wa 193, Sudan Kusini, na msimbo wa simu 211 ukaanza kuhesabika siku hiyohiyo. Kabla yake mtandao wa Gemtel wa Juba ulikuwa ukitumia msimbo wa Uganda, 256: aliyeipigia Malakia kutoka Nairobi alibonyeza namba kama anaitafuta Kampala. Oktoba nchi ikaingia katika Umoja wa Posta Duniani.

Tangu 2016 Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sasa kuna karatasi zinazotakiwa mbali kuliko Kampala. Raia wa Juba anayeona serikali imevunja Mkataba wa Jumuiya anaweza kuishtaki katika mahakama ya Arusha, ila ibara ya 30 inampa miezi miwili tu tangu kitendo kitendeke au alipokijua. Kwa njia ya misafara ya 1885, shauri lake lingekuwa limekwishapitwa na muda kabla barua haijafika Buganda.