Kizuizini Visiwani: Wapinzani wa Mussolini na Hadithi ya "Likizo"

Septemba 2003, Silvio Berlusconi, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia, alilieleza jarida la Uingereza The Spectator kwamba Mussolini hakuua mtu yeyote. Aliwapeleka tu watu likizo huko mbali. Waliomkumbuka mbunge wa upinzani Giacomo Matteotti, aliyetekwa mchana kweupe Roma na kuuawa Juni 1924, walishangaa. Hata hivyo kauli ile ilikuwa na asili yake. Serikali ya Kifashisti kweli ilikuwa na utaratibu wa kuwapeleka watu visiwani na vijijini, na kwa kuwa haukufanana na kambi za Wajerumani, umepita katika vitabu vingi kama tanbihi tu.

Chanzo chake ni risasi. Tarehe 31 Oktoba 1926, mjini Bologna, Mussolini alifyatuliwa risasi ikamkosa. Kijana wa miaka 15, Anteo Zamboni, aliyedhaniwa kuwa ndiye mfyatuaji, aliuawa papo hapo na wafuasi wa kiongozi huyo. Haikupita wiki, ikatoka sheria mpya ya usalama wa umma iliyoanzisha confino, yaani kumhamisha mtu kwa lazima na kumweka chini ya ulinzi. Hapakuwa na kesi wala hakimu. Kamati ya mkoa, mwenyekiti akiwa mkuu wa mkoa na pembeni yake mkuu wa polisi na afisa wa wanamgambo wa chama, ilikaa, ikasoma faili, ikaamua. Haikuhitaji kuthibitisha kosa. Kudhaniwa kuwa na nia mbaya kulitosha. Adhabu ilikuwa hadi miaka mitano, nayo iliweza kuongezwa mingine mitano siku ile ile mtu alipotarajia kufungasha virago. Zaidi ya watu 10,000 walipitia huko kwa sababu za kisiasa. Wapo waliokuwa viongozi wa vyama, na wapo waliotania tu juu ya Mussolini wakiwa kilabuni.

Ufashisti haukubuni kitu hapa. Italia ya kabla yake, ile ya bunge na uchaguzi, iliwapeleka washukiwa visiwani tangu miaka ya 1860, na mwaka 1911, ilipoivamia Libya, ilisafirisha maelfu ya Walibya hadi visiwa vya Ustica na Tremiti. Wengi walikufa kwa maradhi na baridi, na Ustica yapo makaburi yao hadi leo. Antonio Gramsci, kiongozi wa Wakomunisti, aliposhushwa Ustica Desemba 1926, alikuta kisiwa kimekwishazoea wageni wa namna hiyo. Alikaa wiki chache tu kabla ya kurudishwa bara kufunguliwa mashtaka, lakini ziliwatosha yeye na Mkomunisti mwenzake Amadeo Bordiga kuanzisha shule ya wafungwa. Gramsci alifundisha historia, na yeye mwenyewe akakaa darasani kujifunza Kijerumani.

Maisha yenyewe yalikuwa ya kuchosha kuliko ya kutisha, na hapo ndipo ukali wake ulipokuwa. Mtu alitembea na kadi yenye masharti yake: asiingie mahali pa starehe, asizungumze siasa, asivuke mpaka aliowekewa, aitikie jina asubuhi na jioni. Alipewa posho ya lira 10 kwa siku, baadaye zikapunguzwa kuwa 5. Kwa fedha hiyo alikula, alifua na kununua mafuta ya taa.

Ventotene, kisiwa cha urefu wa kilometa tatu hivi, kilikuwa na mamia ya watu wa namna hii. Ili posho itoshe walikula kwa makundi, na makundi yakafuata siasa: Wakomunisti na vyumba vyao kadhaa vya kulia, Wasoshalisti na chao, Waanarki, wapinzani wa serikali ya aina yoyote, na chao. Kilikuwapo hata chumba cha waliodhaniwa kuwa mashushushu, ambao hakuna aliyetaka kula nao. Ukihama imani, unahama meza. Altiero Spinelli alifukuzwa katika chama cha Kikomunisti mwaka 1937 kwa kumpinga Stalin, na wenzake wa miaka mingi wakaacha kumsalimu njiani. Alijipatia riziki kwa kutengeneza saa na kufuga kuku. Akiwa na Ernesto Rossi, na kwa mchango wa Eugenio Colorni, wote wafungwa wenzake, mwaka 1941 aliandika waraka wa kudai Ulaya iwe shirikisho moja. Uliandikwa kwenye karatasi za kusokotea sigara, na Ursula Hirschmann, mke wa Colorni, alikuwa miongoni mwa waliouvusha hadi bara. Wanasiasa wa Umoja wa Ulaya huzuru Ventotene kama mahali patakatifu, lakini sijasikia mmoja akitaja zile meza.

Waliotoroka walikuwa wachache. Mashuhuri zaidi ni Carlo Rosselli, Emilio Lussu na Francesco Fausto Nitti, walioogelea kutoka kisiwa cha Lipari usiku wa Julai 1929, wakachukuliwa na boti ya injini hadi Tunisia. Rosselli alifika Paris, akaanzisha harakati za upinzani, na mwaka 1937 aliuawa Ufaransa pamoja na nduguye Nello.

Si wapinzani wa kisiasa pekee waliohamishwa. Mwaka 1939 mkuu wa polisi wa Catania aliwakusanya wanaume wa mji wake kwa kushukiwa mapenzi ya jinsia moja, akawapeleka wapatao 45 San Domino, katika visiwa vya Tremiti. Sheria ya jinai haikulitaja kosa hilo hata kidogo. Confino ilikuwa njia ya kuadhibu bila kulitaja.

Uhusiano wa confino na Afrika ni wa karibu kuliko inavyosemwa. Carlo Levi, mchoraji na daktari wa Turin aliyepelekwa kijiji maskini cha Aliano, aliachiwa mwaka 1936 kwa msamaha wa kusherehekea kutekwa kwa Addis Ababa. Mlango uliofunguliwa kwa Mwitalia ulifungwa kwa Mhabeshi. Baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitalia nchini Ethiopia, Februari 1937, mamia ya Waethiopia, wakiwamo wanawake na watoto wa nyumba za wakuu, walisafirishwa hadi Italia, wengi wakawekwa kisiwa cha Asinara. Ras Imru, binamu yake Haile Selassie, aliyepigana hadi Desemba 1936, aliwekwa kisiwa cha Ponza. Wasio na cheo hawakusafirishwa Italia. Wao walipelekwa Danane, kambi ya pwani ya Benadir kusini mwa Mogadishu, ambako maelfu walifungwa na wengi wakafa kwa malaria, kuhara na njaa. Anayesema confino ilikuwa laini ana haki ya kusema hivyo ikiwa anaihesabu Italia na kuiacha Danane nje. Serikali ilikuwa moja, na askari walikuwa wake kote kuwili.

Julai 1943 Mussolini aliangushwa na baraza lake mwenyewe, akakamatwa kwa amri ya mfalme. Tarehe 28 Julai akashushwa Ponza, akawekwa katika nyumba iliyowahi kumhifadhi Ras Imru. Kisiwani humo alikuwamo Pietro Nenni, rafiki yake wa zamani, na Tito Zaniboni, aliyepanga kumuua mwaka 1925. Hakukutana nao, na baada ya siku kumi hivi alihamishwa.

Serikali mpya ya Pietro Badoglio, aliyeteuliwa na mfalme kushika nafasi ya Mussolini, ilianza kuwaachia watu wa visiwani mwezi Agosti, lakini kwa zamu. Wanachama wa vyama visivyoogopwa walitangulia, Wakomunisti wakafuata baada ya mabishano. Waanarki na Waslavu wengi wa Ventotene hawakuachiwa: walipakiwa melini na kupelekwa kambi ya Renicci, karibu na Anghiari. Walitoka humo Septemba, walinzi walipotoroka kwa kuogopa Wajerumani waliokuwa wakiivamia Italia.