Ulifuata Nini Huko? Kisa cha Kijiti na Haki ya Mwanamke Kujilinda



Tulikwenda Ikonda, kule Makete mkoani Njombe, kumsindikiza mama mdogo hospitali. Kwa kuwa sisi ni watu wa biashara, tulibeba na vitambaa ili nauli irudi. Msichana mmoja wa kijiji cha jirani, anayekaribia kuolewa, akaja kuchagua cha gauni. Tulipomzungushia futi mkononi akashtuka. Mkono ulikuwa umevilia damu.

Akatwambia kwa sauti ya chini kuwa jioni moja, akitoka shambani, mwanamme alimkamata njiani. Alijipapatua akakimbia. Lakini hakupiga kelele, na nyumbani hakusema. "Dada, wangeniuliza nilifuata nini huko."

Suala hilo sisi watu wa Unguja tunalijua. Lina umri wa karibu miaka mia.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba wimbo wa Kijiti, uliotokana na tukio la kweli la zama zake. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa na Kijiti kwenda ngomani usiku, akauliwa naye ni mjamzito. Kijiti akavuka bahari, akatokomea. Wenzake marehemu wakenda mahkamani kutoa ushahidi, na wimbo unasimulia kuwa hasira za hakimu zikawashukia wao, kwa ajili ya ulevi ulionunuliwa kwa matembezi yale. Muuaji hayupo, mashahidi ndio wenye makosa. Siti hakunyamaza. Alimtaja mtu kwa jina, na jina hilo hadi leo halijasafishika.

Sheria imebadilika tangu wakati ule. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake. Mwaka 1998 ikaja sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana. Kanuni ya Adhabu nayo inakubali mtu ajilinde, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyomkabili. Na dini yetu imeweka kuhifadhi nafsi katika mambo matano makuu ya kulindwa. Kwa hiyo kujitetea si utovu wa haya.

Tulimwambia binti yule, na nyinyi tunawambia:

Piga kelele mapema, na kama unamjua mtaje jina. Akitaka mkoba, mwachie, kimbilia penye watu na taa. Akikushika kifundo cha mkono, chomoa kwa nguvu upande wa kidole gumba chake, maana mshiko hapo ni dhaifu. Ukianguka, kinga kichwa na uso kwa mikono yako. Ukishanusurika, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Kama umeingiliwa kwa nguvu, usikoge wala usifue nguo kabla ya kuonekana na daktari. Bara nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, upewe na fomu ya PF3. Zanzibar tuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo daktari, polisi na mshauri unawapata pahala pamoja.

Na wewe bibi harusi, anayekupiga akiwa ndani ya nyumba yako hukumu yake haibadiliki. Mwambie mama, somo au shangazi kabla mambo hayajawa makubwa.

Na sisi tunaosikilizaje? Mgeni wa Dar es Salaam hakupata wa kumsikia. Mtoto akija nyumbani na alama mkononi, suala letu la kwanza liwe "nani?", siyo "ulifuata nini huko?"

Kesho yake binti alirudi kuchukua kipimo kilichobakia. Safari hii alikuja na shangazi yake. Shangazi hakuuliza bei ya kitambaa. Aliuliza njia ya kwenda polisi ni ipi iliyo fupi.

Allah atuhifadhi sote. Amin.