Bwana na Bibi Walioondoka Siku Moja: Cyprien na Daphrose Rugamba



Katika kitabu cha jubile ni desturi kuandika habari za wamisionari wa kwanza, za kanisa lilivyojengwa, na za maaskofu waliotuchunga tangu Jimbo la Goma liliposimamishwa mwaka 1959. Mambo hayo mtayasoma katika kurasa nyingine. Sisi wakatekista tumepewa kazi ya kuandika juu ya ndoa, maana mwaka huu bwana na bibi wengi wa parokia yetu wataweka upya ahadi zao mbele ya altare, na wengine waliotamani kufanya hivyo wamekwisha kulala makaburini, mmoja akimfuata mwenzake kwa siku chache tu. Majina ya hao tunawaachia watoto wao wayataje katika sala. Hapa tutasimulia habari za wawili ambao Kanisa lenyewe limeanza kuchunguza maisha yao, wala hawakuishi mbali nasi.

Mtu atauliza: kwa nini kuvuka mpaka, hali Goma imepata Mwenye Heri wake? Ni kweli, Floribert Bwana Chui, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa kuachilia mchele ulioharibika uuzwe kwa watu, alitangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, nasi tulimshukuru Mungu kwa machozi. Lakini Floribert alikufa kijana, kabla ya kuoa. Watu wa ndoa wanatafuta mfano wa watu wa ndoa. Wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, Louis na Zélie Martin, walitangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Lakini Zélie alikufa mwaka 1877, na bwana yake akaishi bila yeye karibu miaka 17. Cyprien na Daphrose Rugamba walikufa siku moja, katika nyumba moja, Kigali, tarehe 7 Aprili 1994.

Cyprien alizaliwa katika sehemu za Gikongoro, kusini mwa Rwanda. Alisoma seminari, kama wengi wetu tulivyojaribu, akatoka. Si kutoka seminari tu: imani yenyewe ilimpotea. Alikuwa mtu wa akili nyingi, mtunga mashairi na nyimbo, mwenye kujua sana historia na desturi za inchi yake. Mchumba wake wa kwanza aliuawa katika mauaji ya mwaka 1963. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukansanga, binti wa ukoo wa yule mchumba, msichana mwenye sala.

Hapa tunawaomba wasomaji wasikimbie mbele. Wahubiri wengi wakisimulia habari hizi hupenda kufika upesi kwenye kifo, kwa maana kifo chao ni kizuri kusimulia. Sisi tunaona kwamba sehemu inayotufaa zaidi ni ile chungu ya mwanzo. Miezi michache baada ya arusi, maneno ya uchawi yalitajwa juu ya Daphrose, na Cyprien akamrudisha kwa wazazi wake. Baadaye alimpokea tena, lakini nyumba haikuwa na amani. Alizaa mtoto nje ya ndoa, naye Daphrose akamlea mtoto huyo pamoja na wake. Cyprien aliendelea kupanda cheo: aliongoza chuo cha serikali cha utafiti huko Butare, na kikundi chake cha nyimbo na ngoma, Amasimbi n'Amakombe, kilimpa sifa kubwa ndani na nje ya Rwanda. Watu walimpigia makofi, na bibi yake aliendelea kusali. Sala hiyo ilidumu miaka 17.

Tuliofundisha wachumba katika parokia hii tunajua neno "kumrudisha" lina uzito gani. Tangu mwaka 1937 mpaka mwaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta Wanyarwanda wengi Masisi, wakaja kukaa karibu na Wahunde. Kwa upande wa Walikale wakaendelea kuishi Wanyanga na Wakumu. Watu walioana, ng'ombe na mbuzi za mahari zikatoka boma moja kwenda lingine. Halafu mwezi wa tatu mwaka 1993 vita vikaanza kwenye soko la Ntoto, vikaenea Walikale na Masisi, na katika nyumba nyingi wazee walikuja kumwambia bwana amrudishe bibi kwa watu wa kabila lake. Wengine walimrudisha. Wengine walikataa, wakalala porini pamoja naye na watoto, huku pande zote mbili zikiwawinda. Watoto wa hao wa pili ndio leo wanaimba katika koro yetu. Basi tunaposoma kwamba mtu kama Cyprien, mwenye masomo ya Ulaya, alimfukuza bibi kwa sababu ya maneno ya watu, hatushangai. Tunashangaa zaidi kwamba alirudi.

Alirudi mwaka 1982. Aliugua sana, akaona nguvu zake zote na sifa zake hazimfai kitu, na katika udhaifu ule akamgeukia Mungu aliyemwacha zamani. Akaanza kusali pamoja na Daphrose. Nyumba iliyokuwa baridi ikawa nyumba ya upatanisho, na watu wa ndoa zilizovunjika wakaanza kuja kuomba shauri. Aliyekuwa akitunga nyimbo za wafalme na za ushujaa akatunga nyimbo za Kanisa, nazo si ngeni masikioni mwa wale wanaosema Kinyarwanda huku Masisi.

Mwaka 1990 bwana na bibi hao walianzisha Rwanda Jumuiya ya Emanueli, waliyoijua huko Ufaransa. Mwaka huohuo vita vikaanza katika inchi yao. Wao walikusanya watu wa makabila yote kusali pamoja, hata siku ambazo jambo hilo lilihesabiwa kuwa usaliti. Cyprien alisema wazi kwamba kabila lisiandikwe tena katika kitambulisho cha mtu. Tena waliona mayibobo, watoto wa barabara wa Kigali, wakaanza kuwapa chakula. Kazi hiyo haikufa pamoja nao, na nyumba ya watoto hao inaitwa kwa majina yao mpaka leo. Daphrose ndiye aliyekuwa moyo wa kazi hii. Sisi wanaume tukisimulia habari za wawili hupenda kumtaja bwana mara kumi na bibi mara moja. Lakini bila miaka 17 ya mama huyu, Cyprien wa nyimbo za Kanisa hangekuwako.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilipigwa ikaanguka. Jamaa ya Rugamba ilikesha usiku huo mbele ya Ekaristi Takatifu, ambayo walikuwa na ruhusa ya kuiweka nyumbani mwao. Asubuhi askari wakaingia. Waliuawa Cyprien, Daphrose, na sita kati ya watoto wao kumi, pamoja na wengine waliokuwa nyumbani humo. Huo ulikuwa mwanzo tu wa mauaji ya kimbari juu ya Watutsi.

Miezi mitatu baadaye, Julai 1994, watu mamia ya maelfu walivuka mpaka wakaingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Kati ya wakimbizi hao walikuwamo wenye damu mikononi na wasio na kosa lolote, wote wakinywa maji mamoja mabaya. Bwana na bibi wangapi walizikwa siku moja katika shimo moja pale Kibumba na Mugunga? Hakuna padri aliyeweza kuandika majina yao katika buku la wafu. Tangu hapo vita vilihamia kwetu, wala havijatuacha.

Mwaka 2015 Jimbo Kuu la Kigali lilifungua uchunguzi wa maisha ya Cyprien na Daphrose, nao wanaitwa Watumishi wa Mungu. Mashirika mengi hufikiri kwamba Kanisa linatafuta kama waliuawa kwa ajili ya imani tu. Linachunguza pia ndoa yao, na hapo ndipo penye shida na penye uzuri: je, mume aliyemfukuza bibi aweza kuwekwa mbele ya wachumba kuwa mfano? Katika mafundisho yetu wachumba huuliza swali hilo kwa ukali, hasa wasichana. Msichana mmoja aliuliza kama Daphrose alifanya vizuri kurudi. Tulimjibu kwamba Daphrose mwenyewe aliamua, na kwamba hatutamwambia binti yeyote akae mahali anapopigwa. Hakuridhika sana, na tunamheshimu kwa hilo.

Kuna pia neno la wajane. Mjane mmoja wa shirika letu, aliyesikia habari hizi, alisema kwamba Mungu aliwapendelea Rugamba kwa kuwachukua pamoja, na kwamba yeye ameachwa na mzigo wa watu wawili. Hatukuwa na jibu. Siku ya jubile, wakati bwana na bibi watakaposimama wawili wawili mbele ya altare, Padri Mkubwa amekubali kwamba wajane na wagane wasimame pia katika mstari huo, kila mmoja na mshumaa wa mwenzake mkononi. Tunaomba kila shirika lilete majina yao kwa katekista wake kabla ya novena kuanza, na majina ya waliozikwa njiani yaandikwe vilevile.