Wakala Kabla ya Bango: Chapa ya M-Pesa na Funzo Lake kwa Kampuni Changa

Kampuni changa za teknolojia Afrika Mashariki hupenda kusema kwamba masoko yao yanamjali mtu, ilhali bajeti huishia kwenye mabango na kwa washawishi wa mitandaoni. Makala haya yanashikilia kwamba kumjali mtu huonekana kwanza katika mambo mawili yasiyovutia macho: upangaji wa bei, na matunzo ya anayetoa huduma mtaani. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ya miaka ya mwanzo ilithibitisha hilo.

Jaribio lake la 2005 nchini Kenya, lililofanywa pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lililenga marejesho ya mikopo. Washiriki wakaligeuza: wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, iliweka mikopo kando na kuwaita watu watume pesa nyumbani. Wito huo ulitokana na mwenendo wa watumiaji wenyewe. Kijana wa Nairobi alikuwa na wazazi kijijini, na bahasha yake ilizoea kupitia kwa dereva wa basi au jamaa anayesafiri.

Bei ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi. Kujisajili kulikuwa bure, kuweka fedha bure. Ada ya kutuma ilimwangukia mtumaji, na ilipanda iwapo mpokeaji hakuwa amesajiliwa, huku mpokeaji huyo akitoa fedha zake bila makato. Mama kijijini alikutana na huduma kwa mara ya kwanza akapokea kiasi kamili. Mwanawe naye akawa na sababu ya kumhimiza ajisajili. Kazi hiyo redio haiiwezi, maana neno la mwana lina uzito ambao kampuni haina pa kuununua.

Kisha wakala. Kwa mteja, mwenye duka ndiye kampuni yenyewe: akiishiwa floti (salio lake la kielektroniki) au fedha taslimu, aliyepoteza heshima ni chapa. Ndiyo maana gharama za kumfundisha, kumtembelea na kumlipa kamisheni ya usajili ni gharama za masoko, hata kama vitabu vya hesabu huziandika kwingine.

Yupo atakayejibu kwamba Safaricom ilikwisha kuwa kubwa. Ni kweli. Lakini Vodacom, kinara wa soko la Tanzania, ilizindua huduma yenye jina hilohilo mwaka 2008, na mwanzoni ilienea polepole. Sababu zake ni nyingi, ukiwamo uchache wa mawakala katika nchi pana. Ukubwa wa kampuni haukuziba pengo hilo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, basi, ni afadhali kuanza na kata moja yenye mawakala wachache walioshiba floti, na kupima mafanikio kwa wateja wanaorudi mwezi wa pili, kabla ya kulipia bango la kwanza.