Kozi Isiyomsikiliza Mwanafunzi: Kiingereza cha Sekondari kwa Njia ya Mtandao, Tukianzia Matuu

Mjadala wa masomo ya mtandaoni nchini Kenya umekwama kwenye vifaa. Tunahesabu simu, tunahesabu minara, tunalalamikia bei ya bando, na mtoto akishapata hivyo vyote tunadhani amepata somo. Nikiutazama mji wa Matuu, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, nashikilia hoja nyingine: somo la Kiingereza la mbali hushindwa pale linapomwacha mwanafunzi kimya, hata kama mtandao una kasi ya kutosha.

Matuu ni mji wa soko wenye biashara zake, saiba zake na wakulima wanaotegemea mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa vita vya Mau Mau. Katika nyumba nyingi simu janja ni moja tu, nayo ni ya mzazi: inatoka naye asubuhi na kurudi naye jioni. Uhaba huo ni wa kweli, na serikali haifai kusamehewa kwa sababu yake. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha tatu akiachiwa simu hiyo baada ya chakula cha jioni, anakutana na nini?

Tulipata jibu mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ilipeleka vipindi kwenye redio ya KBC, kwenye runinga, YouTube na hifadhi yake ya mtandaoni. Kidato cha nne hakikurudi darasani hadi tarehe 12 Oktoba, na vipindi hivyo viliwafaa wengi. Lakini muundo wake ulikuwa ule ule wa mhadhara: mwalimu anaeleza, anauliza swali, kisha anajijibu papo hapo. Katika hisabati upungufu huo unavumilika, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kusimamisha video, akakokotoa daftarini, akalinganisha jibu. Insha haina jibu la kulinganisha. Matamshi ndiyo zaidi. Kikamba, lugha ya wenyeji wa Matuu, hakina sauti ya r, na mtoto aliyekulia ndani yake huenda akayatamka rice na lice kwa namna moja bila sikio lake kushtuka. Video itamrudia mara mia kwa subira yote, lakini haitamwambia kwamba amekosea, kwa sababu haijamsikia.

Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wenyewe unaulinda udhaifu huu. Kiingereza cha KCSE kina alama 200 katika karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ina alama 60, na nusu yake, alama 30, ni za stadi za mazungumzo. Lakini stadi hizo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa huulizwa ni neno lipi lina sauti tofauti na mengine, au aeleze angejiandaa vipi kwa mahojiano ya kazi, naye huandika majibu yake bila kufungua kinywa. Mwenye kuuza kozi ya mtandaoni akiutazama mtihani huo, hana sababu ya kugharimia mtu wa kumsikiliza mwanafunzi. Anapakia video na maswali ya miaka iliyopita, na kwa kipimo cha mtihani atakuwa ametimiza wajibu wake. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa la sera yetu, kubwa kuliko la minara.

Tena Kenya iliwahi kufanya vizuri zaidi kwa chombo duni zaidi. Kati ya 1980 na 1985, mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio uliendeshwa katika shule za msingi za mashambani, darasa la kwanza hadi la tatu, kwa ufadhili wa Marekani. Mtangazaji aliuliza, akanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, kisha akatamka jibu sahihi nao wakajisahihisha, huku mwalimu wao akiwa papo hapo darasani. Wanafunzi wa mradi huo waliwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Redio haikuwa na masikio, lakini kipindi kilitungwa kana kwamba inayo: zile sekunde za kunyamaza ziliwekwa makusudi, na mtoto alijua kwamba ni zamu yake. Simu ya leo inaweza kurekodi sauti na kuituma, nasi tunaitumia kama runinga ndogo.

Wapo watakaosema kwamba programu za kutambua sauti zitaziba pengo hili. Huenda zikasaidia baadaye. Kwa sasa nyingi zimefunzwa zaidi kwa matamshi ya Wamarekani na Waingereza, na kijana wa Matuu anaweza kuambiwa amekosea ilhali Mkenya yeyote angemwelewa bila shida. Ningemtanguliza mwalimu wa shule ya kutwa iliyo karibu, anayeijua lafudhi hiyo na asili yake. Apewe kikundi kidogo, apokee kwa WhatsApp ujumbe wa sauti wa dakika moja na picha ya aya moja iliyoandikwa kwa mkono, arudishe masahihisho kabla ya wiki kwisha. Hilo linatumia bando dogo sana likilinganishwa na video ya nusu saa, na mzazi hahitaji kuacha simu yake usiku kucha.

Gharama yake ni saa za mwalimu, na saa hizo zilipwe. KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Mtaala unaoirithi umetenga kusikiliza na kuzungumza kuwa mada inayojitegemea, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 Januari 2026. Kabla ya shilingi moja ya umma kulipia kozi yoyote ya mtandaoni kwa ajili yao, mwenye kozi aulizwe mwanafunzi atazungumza dakika ngapi kwa wiki, na ni nani atakayemsikiliza.